Kijamvi Kwenye Ubao wa Kanisa

Kwetu, kitu kikishasomwa kanisani hakibishaniwi. Unaweza kumwambia mkeo kwamba wanunuzi wa kahawa wanakuja katikati ya wiki, akakuuliza umeyasikia wapi. Ukimjibu "imesomwa", anaanza kutafuta magunia. Hata wasiofika kanisani, nao si wachache, humvizia jirani njiani: "Leo kumesomwa nini?" Na kwa miaka ambayo sina nguvu ya kuihesabu, msomaji alikuwa mmoja. Jina analo, la ubatizo na la ukoo, lakini kigango chetu kizima, huku upande wa Mpepai, kilimwita Mzee wa Matangazo. Nami nitamwita hivyohivyo.

Sikukusudia kuandika habari zake. Mhariri mmoja aliniomba ushauri wa ukurasa mmoja kwa wasomaji: namna ya kuskani misimbo ya QR kwa usalama, kwa kutumia kivinjari cha simu. Kazi nyepesi, alisema, kwa mtu wa chuo kikuu. Niliandika aya moja nikasinzia juu yake. Kila nilipofika kwenye maneno "kwanza soma anwani", sauti iliyoyasema kichwani mwangu haikuwa yangu. Ilikuwa ya yule mzee. Maana ndiye aliyetutangazia msimbo mbaya, na kwa sababu ya msimbo ule bibi mmoja wa kule ziwani alitangazwa kufa akiwa hai, na binti yake, jirani yetu Editha, ambaye kwa heshima tunamwita Mama Editha, akafungiwa mlango wa kwao. Mhariri atanisamehe. Ushauri wenyewe umo humu ndani, umelala katikati ya mambo mengine, kama kawaida ya ushauri.

Nianze na sauti. Haikuwa nzuri. Ilikuwa kavu, ya mtu anayesaga kitu kigumu polepole, na haikupanda wala kushuka. Nguruwe aliyepotea na ziara ya askofu vilisomwa kwa mwendo mmoja. "Nguruwe jike, mweusi, sikio la kushoto limekatika, mpole kwa tabia." Watu wakacheka. Akasubiri kicheko kiishe, akarudia sikio. Alisoma kila kilichokuwa kwenye karatasi: kumbukumbu namba, tarehe, cheo cha aliyesaini, na mwisho kabisa mhuri. "Mhuri wa bluu. Umepigwa upande." Jumapili moja alitusomea hata maneno "tazama nyuma ya ukurasa", kisha akageuza ukurasa, ukawa mweupe, akatuonyesha ule weupe kulia na kushoto ili kila mtu aridhike.

Nilipokuwa kijana niliona ni ushamba. Nilipopata shahada niliona ni ushamba wenye kuvutia, nikaanza kuusimulia kwa marafiki wa mjini. Siku hizi, nikipokea barua ya benki na kuruka moja kwa moja hadi mstari wa mwisho, najua nani kati yetu alikuwa na adabu ya kusoma.

Ukimpelekea karatasi alikuuliza jambo moja kabla ya kuigusa.

"Nani kaleta?"

"Mimi, Mzee."

"Wewe nakuona. Nauliza imetoka mkononi mwa nani."

Na hapo ulitaja, mkono kwa mkono, mpaka kwa aliyeiandika. Ukikwama katikati, karatasi ilirudi nawe nyumbani. Aliwahi kumrudisha kijana wa kampeni na furushi zima la vipeperushi, akiwa bado hajashuka kwenye bodaboda. Mimi mwenyewe niliwahi kumpelekea tangazo la mhadhara wangu kuhusu umuhimu wa kusoma vitabu. Nilikuwa nimelichapa vizuri, lina picha yangu.

"Nani kakutuma?"

"Nimejituma mwenyewe, Mzee."

"Basi jisomee mwenyewe."

Mhadhara ulihudhuriwa na shangazi yangu, naye alikuja kwa sababu alidhani kutakuwa na chai.

Nyumbani kwake alikuwa mtu mwingine kabisa. Hakusema. Akitaka chumvi aliitazama chumvi mpaka mtu aielewe. Mkewe, mama mcheshi aliyekuwa akisema kwa niaba ya wawili, alinilalamikia mara moja nilipowapitia kuwasalimu: "Huyu maneno yake yote anayamalizia kanisani. Mimi huku naletewa bahasha tupu." Mzee alikuwa amekaa palepale, anachambua kahawa. Akamwangalia mkewe, akaniangalia mimi, akarudi kwenye kahawa. Mama akasema, "Umeona? Hiyo ndiyo hotuba ya leo."

Alidharau umbea, lakini hakuna aliyejua habari za watu kuliko yeye, kwa kuwa kila aliyekuwa na habari alipaswa kumpelekea. Alidharau simu pia, huku anayo kubwa, aliyotumiwa na bintiye wa Songea. Aliiweka ndani ya kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Aliifungua kwa ajili ya masomo ya misa ya siku na kwa ajili ya tochi. Ikiita, alimpa mkewe, kama mtu anayemkabidhi mwenziwe mtoto anayelia.

Kisha vikaanza kuja vijamvi.

Neno ni lake. Tangazo la kwanza lenye msimbo wa QR lilipofika, lilikuwa la chanjo ya mifugo, nadhani. Alilisoma lote hadi chini, akalisogeza karibu na macho. "Hapa chini pana kijamvi," alisema. "Cheusi na cheupe. Kijamvi hiki mimi sijui kukisoma."

Kijana mmoja wa kwaya akapaza sauti: "Hicho hakisomwi na macho, Mzee! Kinasomwa na simu!"

"Basi simu ije isimame hapa mbele."

Watu walicheka mpaka katekista akagonga meza. Lakini mimi nilikuwepo siku hiyo, na nilimwona. Hakuwa akitania. Kwa mara ya kwanza palikuwa na kitu kwenye karatasi ambacho angelazimika kukiruka.

Baada ya ibada alinifuata nje. "Msomi. Mle ndani kuna nini?"

Nilifurahi, sina haja ya kuficha. Mtu wa namna yangu haulizwi mara nyingi jambo analolijua. Nikamwambia kwamba hakuna uchawi: kijamvi ni anwani tu ya mahali kwenye intaneti, imefumwa ili simu iifumue haraka. Nikamfungulia kivinjari kwenye simu yake, nikamwonyesha alama ndogo ya kamera iliyo kando ya pale panapoandikwa unachotafuta. Nikamwambia hana haja ya kupakua programu nyingine ya kuskania, hasa zile zinazojileta zenyewe. Hii aliyonayo inatosha, na uzuri wake ni kwamba inamwonyesha anwani kabla ya kumpeleka. Aisome kwanza. Akiridhika, aguse. Asiporidhika, afunge.

"Yaani inanipa bahasha kabla sijaichana."

"Ndiyo hivyo, Mzee."

"Vizuri." Akairudisha simu kwenye kitambaa. Kwa sura yake niliona kwamba kitu chenyewe amekielewa na haoni kwa nini kimhusu. Yeye alikuwa na njia yake. Alimjua aliyeleta karatasi, na aliyempa huyo aliyeleta. Akikamilisha hilo, kijamvi kilichokuja na karatasi kilikuwa kimeshajibiwa.

Ndivyo kosa lilivyoingia, na naliona ni kosa la watu wa kwetu hasa. Sisi humkagua mtu. Tukimaliza kumkagua, mzigo wake unapita.

Karani wa chama chetu cha wakulima wa kahawa alileta tangazo la kujiandikisha kwa ajili ya mbolea ya ruzuku. Mzee alimjua karani tangu anabatizwa. Mhuri ulikuwepo, haukupigwa upande. Nakala moja aliiweka ndani ya misale, kitabu chake cha misa, kwa ajili ya kusoma Jumapili, nyingine akaibandika kwenye ubao ulio kando ya mlango wa kanisa. Na kati ya siku ile na Jumapili, mtu ambaye hadi leo hatumjui alipita pale na kibandiko kidogo, chenye kijamvi kingine, ukubwa uleule, akakibandika juu ya kile cha karani. Kwa unadhifu. Mtu aliyepita akiwahi shambani asingegundua chochote.

Jumapili Mzee akasoma. "Wenye simu kubwa, mkitoka, pigeni kijamvi kilichopo ubaoni, mjaze." Mhuri wa bluu.

Wengi tuliokolewa na mtandao mbovu. Wengine simu zilizima, wengine waliona ukurasa unazunguka tu wakaenda zao kula. Mama Editha hakwenda. Yeye ni mjane, kahawa anaihudumia mwenyewe, na ni mtu wa kumaliza alichoanza. Alisimama pale chini ya mti wa kengele mkono juu, akitafuta mtandao, mpaka ukurasa ukafunguka. Ukamwomba namba ya simu. Akaandika. Zikaja namba za uhakiki kwenye ujumbe mfupi, ukurasa ukamwomba nazo. Akaziandika pia. Ukamshukuru, ukamtakia msimu mwema.

Namba zile zilikuwa ufunguo wa akaunti yake ya ujumbe. Kabla jua halijazama ilikuwa mikononi mwa watu wengine, na watu hao walikuwa wamekaa wanasoma grupu la ukoo wa kina Editha, wa kijiji cha Mbaha, kule ziwani alikozaliwa. Walisoma kwamba mama yake alikuwa na homa wiki ile. Ikawatosha. Wakaandika kwa jina lake, na kwa picha yake akiwa amevaa kitenge cha Pasaka, kwamba mama amefariki, na rambirambi zitumwe kwenye namba ifuatayo.

Sasa fikiria. Habari ya kifo cha mama, inatoka kwa mwanawe. Nani ataiuliza imetoka mkononi mwa nani?

Waliokuwa mbali walituma. Waliokuwa karibu walifanya kama inavyofanywa: walibeba unga, kuni na masufuria, wakaondoka. Bibi mwenyewe, homa imeshuka, alikuwa uani anachambua usipa, dagaa wa kule ziwani. Akasikia vilio vinakuja kutoka kwenye kona ya njia. Akafunga kanga kiunoni, akatoka mbio kadiri ya miaka yake, akaungana na wanawake wale akilia nao. "Nani katutoka? Jamani, nani?" Alilia nao hatua kadhaa, wanasema, kabla mmoja hajainua uso akamwona nani amemshika bega. Mama yule alianguka na sufuria lake.

Habari hii huku kwetu husimuliwa kwa kicheko, na mimi nimeisimulia hivyo. Lakini Bibi alipoelezwa anamlilia nani, aliketi chini palepale njiani na hakutaka kuinuliwa. Unga ulioletwa haukurudishwa, kwa kuwa unga wa msiba haurudi nyumbani na mtu. Ukapikwa. Bibi alikataa kuula. Kwa siku zote ule unga ulipokuwemo ndani alikula viazi.

Dada yake Mama Editha, Mama Frida, anayeishi na mama yao, alipiga simu moja tu. "Umemtangaza mama. Usikanyage hapa mpaka siku ya kweli."

"Dada, si mimi. Ni simu."

"Simu ina vidole?"

Baada ya hapo mambo yalijifunga yenyewe. Mama Editha alinunua laini mpya na kuwaandikia ndugu zake maelezo marefu. Lakini kijana mmoja mwerevu wa ukoo alikuwa ameshawaonya watu wa grupu: msijibu namba yoyote mpya inayojiita Editha. Ushauri sahihi kabisa. Ningeutoa mimi mwenyewe.

Jumapili iliyofuata Mzee wa Matangazo alisimama bila karatasi. Sikuwa nimewahi kuiona mikono yake tupu pale mbele. Hakujua aiweke wapi. "Tangazo la mbolea nililisoma mimi," alisema. "Nilimuuliza aliyelileta. Sikuliangalia tena baada ya kuliacha ukutani. Aliyeumia ni Mama Editha." Akakaa. Mama Editha alikuwa ameondoka kabla. Tangu wiki ile alihamia benchi la mlangoni, na wakati wa matangazo alitoka. Akikutana na Mzee njiani alipita kama anayepita nguzo ya umeme.

Hakuacha kusoma, ingawa wapo waliotamani. Alibadili namna. Kila Jumapili asubuhi alifika kabla ya watu, akapitisha ukucha wa kidole gumba pembeni mwa kila kijamvi kwenye ubao, akitafuta kama kuna tabaka juu ya tabaka. Kisha akafungua kivinjari, akakilenga, akasoma anwani, akaiandika kwenye kiganja cha mkono kwa kalamu. Na ilipofika zamu yake alitusomea anwani yote. Herufi kwa herufi. "Nukta. Kistari. Nukta tena. Mkwaju, ule mstari ulioinama. Kabla ya mkwaju wa kwanza ndipo penye jina la mwenye nyumba, ndugu zangu. Baada ya hapo ni vyumba tu. Narudia." Watoto walilala. Katekista aliitazama saa. Watu wakaanza kutoroka kabla ya matangazo, jambo ambalo halijawahi kutokea kwetu, na ukimwambia mtu "imesomwa" sasa alikujibu, "Sawa, ngoja tuone."

Katekista akaniomba, kama msomi wa kigango, niwape watu somo fupi. Niliandaa. Nikaleta ubao mweusi. Niliwaambia wasitoe kamwe namba za uhakiki, hata kwa ukurasa unaowashukuru; kwamba ukurasa wa mbolea hauna sababu ya kutaka ufunguo wa ujumbe wako; kwamba mtu akiona anwani haifanani na jina la aliyetangaza, afunge, aende ofisini kwa miguu. Niliwaambia, na hapa nilipandisha sauti maana niliona nimenoga, wasiamini namba ngeni hata ikijiita mama yako mzazi. Kisha nikauliza kama kuna swali.

Mzee mmoja wa nyuma akainua mkono. "Kwa hiyo mbolea inakuja lini?"

Nilichukua ubao wangu nikaenda kula.

Mara ya mwisho niliyokaa na Mzee wa Matangazo muda mrefu ilikuwa katikati ya wiki, nimekuja likizo. Alisimama kwenye geti langu amevaa koti la Jumapili.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Gari lako linapanda mlima?"

"Linashuka vizuri. Kupanda ni jambo la imani."

"Twende ziwani. Kuna tangazo sijamaliza kulisoma."

Alikuwa ameupata ule ujumbe wa msiba kwa mmoja wa waliotumiwa, ameutunza kwenye simu yake ndani ya kitambaa. Alikuwa amekwenda pia kwa Mama Editha, akasimama nje ya ua, akamwomba waende pamoja. Mama Editha alimjibu bila kuinua macho kwenye kichanja cha kahawa: "Mimi nimekatazwa. Nenda wewe. Si wewe ndiye uliyeanza?" Mzee alinisimulia hilo mara moja, tukiwa tunatoka Mbinga. Milima ilikwisha, joto likaingia madirishani, ziwa likatokea upande wetu jeupe kwa jua. Hakuvua koti.

Mbaha tulimkuta Bibi kwenye mkeka kibarazani. Mama Frida alitukaribisha kwa sauti ambayo hata kuku waliielewa, wakakimbia.

"Shikamoo, Mama," alisema Mzee.

"Marahaba. Ndiye wewe uliyeniua?"

"Ndiye mimi."

"Keti basi. Muuaji hasimami mlangoni."

Alianza kumweleza: karani, ubao, kibandiko juu ya kijamvi. Nikaingilia kati ili kufafanua kuhusu akaunti. Bibi alituangalia kwa zamu, kwa uvumilivu wa mtu anayesubiri mvua ipite. Tulipomaliza akasema, "Hayo sijayaelewa, na sina haja. Waliandika nini?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Walimwambia tu kwamba Editha ametangaza amekufa.

"Mama," alisema Mama Frida, "taarifa ya msiba haisomwi mbele ya mwenyewe."

"Mwenyewe ndiye anayeitaka. Soma, wewe."

Mzee akasimama. Akavua kofia. Akafungua kitambaa, akatoa simu, akausoma ule ujumbe kwa sauti ileile ya nguruwe na ya askofu, tangu neno la kwanza. Kwa masikitiko makubwa. Mama yetu mpendwa, mwenye huruma kwa wote. Mama Frida aliziba mdomo kwa kanga. Amefariki leo alfajiri, katika hospitali mjini Mbinga, alikokuwa amepelekwa na kuuguzwa na bintiye Editha.

"Rudia hapo."

Akarudia.

"Mbinga?" Bibi alimgeukia binti yake. "Frida, mlima ule niliupanda lini?"

"Kwenye harusi ya Editha, Mama."

"Nikafanyaje?"

"Ukatapika njia nzima."

"Nikasema nini tulipofika?"

"Ulisema gari hutalipandia tena mlima ule, hata ukiwa maiti."

"Na aliyenishikia kichwa kila kona, na nguo zake za harusi zikaharibika, alikuwa nani?"

Bibi akajibu mwenyewe. "Editha. Sasa Editha huyo ndiye aandike nimekwenda kufia Mbinga? Aliyeandika hayo hanijui hata sura." Akamgeukia Mama Frida. "Nawe ulisoma?"

"Nilisoma mpaka 'amefariki', Mama. Baada ya hapo sikuona."

Mzee alikuwa bado amesimama. "Haijaisha," alisema, akamalizia kusoma namba ya rambirambi, tarakimu zote, kisha akakaa.

Nikampigia Mama Editha kwa simu yangu, ambayo namba yake hakuwa nayo, ikaita, nikampa Bibi. Alikuwa na haraka. "Editha! Ni mimi, mama yako."

Tukamsikia wote, kwa kuwa Bibi aliishika simu mbali na sikio. "Mama gani?"

"Mama yako, nipo kibarazani na—"

"Mwogopeni Mungu. Bado hamjashiba?" Simu ikakatwa. Tulipopiga tena haikupokewa, na mara ya tatu haikuita kabisa. Kumbe katika kigango kizima palikuwa na mtu mmoja aliyesikiliza somo langu. Nilisema ningeongea naye mimi, ningemwandikia, ningetafuta namna.

"Acha," alisema Bibi. "Sitaki kusemewa. Nimeshasemewa kifo, inatosha." Akaanza kujiinua, mkono mmoja ukutani. "Frida, nipe kanga nzuri. Na ile ndoo ndogo."

Aliketi mbele karibu nami, Mzee nyuma. Kona ya kwanza ya mlima ndoo ikaanza kazi. Gari lilipanda kwa gia ya chini, linalia, na kila kona Mzee aliinama kutoka kiti cha nyuma, akamshika Bibi paji la uso kwa kile kitambaa cheupe cha simu, alichokilowesha kwa maji ya chupa yangu. Bibi ndiye aliyesema, katikati ya kutapika. Alitutukana sisi, barabara, na aliyevumbua matairi. Karibu na juu, akiwa amelegea, ndoo imehamia magotini mwa Mzee, alisema: "Soma pale waliponisifu." Mzee akasoma kwa kichwa, bila simu. Mwenye huruma kwa wote. "Waongo," alisema Bibi, akafumba macho.

Mama Editha alikuwa kwenye vichanja. Aliliona gari langu akaendelea kuchambua kahawa. Nilizima injini. Bibi akafungua mlango, akatoa mguu mmoja, akashindwa na wa pili. Uso ulikuwa wa rangi ya majivu, kanga nzuri imeharibika mbele yote. Mama Editha akainua macho. Alisimama pale mikono imejaa punje za kahawa, na hakupiga kelele, na hakuja.

"Njoo unishike," alisema Bibi. "Nisije nikafa kweli."

Kahawa ikamwagika. Alikuja mbio, akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya mlango wa gari, wakashikana, nami nikaangalia usukani kama mtu aliyeuona leo kwa mara ya kwanza. Walizungumza Kinyasa, haraka, kwa muda mrefu. Kisha akamwinua mama yake, akamtembeza polepole hadi kibarazani, akamlaza kwenye mkeka, akaingia ndani, akatoka na maji, akamnywesha.

Mzee wa Matangazo hakushuka. Alikaa nyuma na koti lake la Jumapili, ndoo magotini, mikono miwili imeishika ukingo isimwagike, anatazama mbele. Nilimwambia tushuke. Hakunisikia, au alinisikia kama alivyozoea kuwasikia watu nyumbani kwake.

Mama Editha alirudi garini. Akafungua mlango wa nyuma. Kisha akanyoosha mikono.

"Lete hiyo ndoo, Mzee," alisema. "Shuka unawe. Kuna chakula."